Taa za pikapu ya kitambo zikiwaka kama mshumaa, wachana na balbu kwanza, angalia waya

Kama una Hilux ya zile namba za KAA ama KAB, ama Peugeot 504 pikapu, ama Datsun ya mzee ambayo bado inabeba nyasi za ng'ombe huko Githunguri, hii stori unaijua. Unawasha taa saa moja jioni halafu unashuka kuangalia kama kweli zimewaka. Mtu anakuja mbele na Probox anakupigia fuli, ile taa ya mbali, akidhani umesahau kuwasha, na wewe uko na fuli tayari.

Yangu ni Hilux ya dizeli ya miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa natoa kabichi Njabini napeleka Marikiti, soko la mboga Nairobi, na Marikiti wanataka mali ifike kabla kupambazuke, so unatoka huko juu saa nane usiku, unaingia barabara ya Nakuru pale Flyover, na kuanzia hapo mpaka uvuke Kinale ni ukungu umelala barabarani kama blanketi. Usiku mmoja nikaona mkokoteni wa punda ukiwa karibu kiasi ningeweza kuhesabu spoki za gurudumu, hauna kiakisi, hauna chochote. Nilikanyaga breki kabichi zikaruka juu ya kebini, moja ikaanguka kwa boneti. Punda hata hakugeuka.

Asubuhi hiyo hiyo nikanunua balbu. Zile zimeandikwa wati mia, rangi ya samawati, kwa boksi kuna picha ya umeme wa radi. Wiki mbili hivi mwanga ukawa kidogo tu afadhali halafu nikaanza kusikia harufu ya plastiki, kufungua boneti soketi ya upande wa dereva imeyeyuka imeshikana na balbu kama chapati na sufuria. Hapo ndio nikaenda kwa mzee mmoja wa umeme wa gari huko Kirinyaga Road, yule hana haraka, na mazungumzo yetu yalikuwa hivi.

"Kijana, umepima?"

"Nimepima nini mzee?"

"Volti. Kwa betri na kwa balbu."

Sikuwa nimepima. Akaniambia niwashe injini, niweke dimu, ile taa ya chini, akapima betri ikasoma 13.9. Akaingiza ncha za mita nyuma ya soketi ya taa, balbu ikiwa inawaka, ikasoma 11.4. Akaniangalia.

"Pesa imetoka nyumbani kumi na nne, imefika sokoni kumi na moja. Hizo zingine zimeliwa wapi?"

"Kwa njia."

"Sasa unabadilisha mtu wa sokoni wa nini?"

Basi hii ni ile kazi tulifanya, kuweka rilei ili taa zipate umeme moja kwa moja kutoka betri, na nimeirudia kwa gari tatu za marafiki tangu hapo. Ukiwa na mkono mtulivu ni kazi ya Jumamosi moja.

Kwanza uelewe mahali umeme unapotelea. Kwa hizi gari za zamani umeme wa taa hautoki betri ukaenda taa moja kwa moja, hapana. Unatoka betri, unaingia kwa fyuzi, unapita kwa ukuta wa injini, unaenda chini ya dashibodi, unapanda kwa swichi ya usukani, unapita ndani ya vile vidole vidogo vya shaba vya swichi ambavyo vimekuwa vikigusana tangu enzi za Moi, halafu unarudi njia ile ile mpaka mbele. Ni kama kutoka Roysambu kwenda Kasarani ukipitia Rongai. Na waya wenyewe ni mwembamba kwa sababu kiwandani wanahesabu kila sentimita ya shaba. Kila kiungo chenye kutu kinakula kidogo, kila mita ya waya inakula kidogo, mwisho balbu inapata makombo.

Na mbaya ni hii, mwanga hauanguki sawa sawa na volti. Balbu ya uzi, halojeni, ukipunguza volti asilimia 10 unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa ile 11.4 yangu dhidi ya 13.9, hesabu inakuja karibu nusu. Yaani nilikuwa naendesha na taa moja iliyogawanywa mara mbili. Ndio maana pia zinakuwa za manjano, uzi haupati joto la kutosha.

Balbu ya wati mia inafanya mambo yawe mabaya zaidi, sababu inavuta umeme mwingi kupitia njia ile ile nyembamba, so njia inakula zaidi, swichi inachemka, soketi inayeyuka. H4 ya kawaida, ile balbu yenye dimu na fuli ndani ya kioo kimoja, ni wati 55 dimu na 60 fuli. Hizo zinatosha kabisa zikipewa volti zao.

Rilei sasa inafanya nini. Ni swichi inayowashwa na umeme kidogo. Ile njia ndefu ya kupitia dashibodi tunaiacha ibebe kazi ndogo tu ya kuamsha rilei, na hiyo ni chini ya robo ya ampea. Halafu umeme mzito wa taa, ambao ni kama ampea 10 kwa balbu mbili, unatoka betri unapita kwa fyuzi mpya na waya mnene mfupi mpaka kwa balbu. Swichi yako ya usukani inapumzika, na kama umewahi kutafuta swichi ya usukani ya gari ya kitambo ambayo si feki utajua kwa nini hiyo peke yake ni sababu tosha.

Pima kabla hujanunua kitu

Usiruke hapa. Mita ya volti ya bei ya chini kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, inatosha. Injini iwe inanguruma, taa zimewashwa, balbu imechomekwa na inawaka, hiyo ya mwisho ni muhimu kwa sababu ukipima soketi tupu bila mzigo utaona volti zote zimefika na utadhani kila kitu ni sawa. Ni kama bomba la plot, ukifunga mfereji presha iko, ukifungua ndio unajua maji hakuna.

Betri ikisoma chini ya 13.5 hivi injini ikiwa imewaka, shida yako ya kwanza ni altaneta ama mkanda wake, tengeneza hiyo kwanza. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.4 uko sawa. Halafu pima kwa balbu. Tofauti ikiwa nusu volti usisumbuke, safisha viungo tu. Ikizidi volti moja, rilei zitakupa mwanga utakaouona kwa macho.

Na uangalie pia kioo chenyewe. Kama ile sahani ya fedha ndani ya taa imeshika kutu ama imekuwa nyeusi, hakuna rilei itakusaidia, nunua taa kwanza. Ukinunua hakikisha ni za nchi zinazoendesha kushoto kama sisi, sababu mwanga wa dimu hupanda kidogo upande wa ukingo wa barabara, na taa iliyotengenezewa nchi zinazoendesha kulia itapandisha mwanga upande usiofaa, machoni pa wenye wanakuja.

Vitu vya kununua

Hizi zote unapata Grogan, kwa wauza spea Nairobi. Bei sitaji, pale inategemea umevaa nini na umeuliza kwa sauti gani.

Rilei mbili za volti 12, zenye ampea 30 ama 40. Soma ubavuni, kwa sababu kwa meza moja utapata za 12 na za 24 zimechanganywa kama maharagwe, na ya 24 ukiiweka kwa betri ya 12 inaweza kukataa kushika ama ishike ikijisikia. (Kama gari yako ni ya 24 kama malori mengi na Land Cruiser kadhaa za dizeli, basi geuza hesabu, nunua za 24.) Chukua za miguu minne kama zinapatikana. Za miguu mitano nazo zinafanya kazi lakini katikati kuna mguu umeandikwa 87a, huo huwa na umeme wakati rilei imelala, ukiufunga huo taa zitawaka gari ikiwa imezimwa na zizime ukiwasha. Nimeona. Mwenyewe alidhani ni mashetani.

Nunua pia soketi za rilei zenye waya tayari. Fyuzi mbili za ubapa za ampea 15 na nyumba zake zenye kifuniko cha mpira. Soketi mbili za H4 za kauri, zile nyeupe, si za plastiki. Waya: ya milimita 4 za mraba kutoka betri hadi rilei, ya 2.5 kutoka rilei hadi balbu na ya athi (ile ya kurudisha umeme kwa bodi), ya 1 kwa zile za kuamsha. Rangi tofauti tafadhali, ukinunua nyekundu zote utajilaumu mwezi ujao.

Kuhusu waya kuna ujanja sokoni. Kwanza usitumie ya nyumba ile ya uzi mmoja mgumu, gari inatikisika, itavunjika ndani ya ngozi na hutaiona. Unataka ya nyuzi nyingi laini. Pili, kwaruza uzi mmoja na kisu kabla hujalipa. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, ukitokea mweupe ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba tu. Muuzaji atakasirika kidogo, mwache akasirike.

Halafu tamino za kubana (vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya), vile vimrija vya mpira vinavyonywea ukivipasha moto, mpira wa mikunjo wa kufunikia waya, na kamba za plastiki. Na balbu moja ya H4 iliyoungua, usitupe, tutaitumia.

Gari yako inakata chanya ama hasi?

Hapa ndio watu wengi hukwama, na hapa ndio mafundi wengi wa kando ya barabara humaliza siku nzima wakiapa kwamba rilei ni mbovu. Gari nyingi swichi inaleta chanya kwa balbu, na mguu wa pamoja wa balbu unaenda athi, yaani kwa bodi. Lakini Toyota nyingi za kitambo, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, ziko kinyume, zinakata hasi: mguu wa pamoja unapata chanya, na swichi ya usukani ndio inapeleka dimu ama fuli kwa athi. Ukichukua mchoro wa kawaida, ule wa kupeleka mguu mmoja wa rilei kwa bodi na mwingine kwa waya wa dimu, kwa Toyota kama hiyo unakuwa umeunganisha athi na athi. Haiwaki. Mimi nilitoa rilei nne nikarudisha dukani kabla ya mzee kunicheka.

Kujua iko vipi, chomoa soketi za taa zote mbili. Narudia, zote mbili, kwa sababu ukiacha upande mmoja umechomekwa umeme unapita ndani ya nyuzi za ile balbu nyingine na kurudi, na mita itakuonyesha volti mahali pote, hutaelewa kitu. Na hapa badala ya mita tumia balbu ya indiketa ya wati 21 yenye waya mbili, sababu mita inadanganywa na umeme mdogo unaopita kwa kataa ka bluu ka dashibodi (ile taa ndogo ya kuonyesha uko fuli), balbu haidanganywi. Washa dimu. Hiyo balbu ndio testa yako. Waya moja ya testa weka kwa hasi ya betri, ingine gusa miguu ya soketi mmoja mmoja. Kama mguu wa dimu ndio unawasha testa, na ukiweka fuli mguu mwingine ndio unawasha, gari yako inakata chanya. Kama kuna mguu mmoja tu unawasha testa, na ni ule ule kwa dimu na kwa fuli, huo ni wa pamoja na gari inakata hasi. Hamisha sasa testa kwa chanya ya betri, gusa ile miwili iliyobaki, utajua ipi ni dimu ipi ni fuli. Andika kwa karatasi, ama kwa mkono kama mimi.

Balbu yenyewe pia ijue. H4 ina miguu mitatu, ule wa juu uliolala ni dimu, ile miwili iliyosimama mmoja ni fuli na mmoja ni wa pamoja. Ukiwa na shaka gusisha na betri kidogo tu uangalie ndani: uzi wa dimu una kijiko kidogo cha bati chini yake, wa fuli hauna. Usishike kioo na vidole, mafuta ya ngozi hufanya kioo cha halojeni kipate joto mahali pamoja na kipasuke. Ukishashika, pangusa na spiriti.

Kazi yenyewe

Toa waya ya hasi ya betri kwanza. Kwanza kabisa. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja utaona fataki, na pete ya ndoa ikiwa katikati utaona hospitali.

Tafuta mahali pa kufunga rilei karibu na betri, mbali na bomba la moshi, miguu ikiangalia chini ili maji yasikae ndani. Hii ya maji si mchezo, si unajua vile vijana wa kuosha gari wakipata boneti wazi wanapeleka presha mpaka kwa roho ya injini. Mimi nilitumia tundu la boliti lililokuwepo kando ya betri, sikutoboa bodi.

Kutoka chanya ya betri toa waya mbili za milimita 4, kila moja na fyuzi yake, na fyuzi iwe karibu na betri, shibri moja isizidi. Fyuzi inalinda waya iliyo baada yake, ile iliyo kabla haina mlinzi, ikikwaruzwa ikagusa bodi itawaka moto na fyuzi yako ikitazama tu. Kila waya iende mguu ulioandikwa 30 wa rilei yake. Kwa nini fyuzi mbili na si moja kubwa? Kwa sababu moja ikikatika Kinale saa tisa usiku bado utakuwa na dimu ama fuli ya kukufikisha nyumbani.

Mguu wa 87 wa rilei ya kwanza toa waya za 2.5, moja iende mguu wa dimu wa taa ya kushoto na nyingine wa kulia. Rilei ya pili vivyo hivyo kwa fuli. Mguu wa pamoja wa kila balbu sasa unaenda athi, hata kama ni Toyota, maana hizi soketi za kauri ni mpya na hazijui habari za zamani. Ile soketi ya zamani haigusi balbu tena.

Athi ndio mahali watu huharibu kazi nzuri. Usifunge tu kwa skrubu yoyote yenye rangi. Kwaruza rangi mpaka uone chuma kinang'aa, weka tamino ya duara, washa (ile pete ya chuma) yenye meno, kaza, halafu paka grisi ama Vaseline juu ili kutu isirudi. Gari ikiwa imeoza pale mbele kama zetu nyingi, pitisha waya moja kwa moja hadi hasi ya betri na uwache kubahatisha.

Sasa kuamsha rilei. Ile balbu iliyoungua, ifunge kwa kitambaa kizito, vaa miwani, vunja kioo (gesi ya ndani ina presha, usifanye karibu na uso), ng'oa nyuzi na waya za ndani zote ili miguu isigusane, chomelea waya tatu kwa miguu yake kwa ndani. Umepata plagi inayoingia kwa soketi ya zamani bila kukata waya hata moja ya gari. Ukiuza gari ama ukikosana na hii kazi unarudisha kama ilivyokuwa. Kuna plagi dume za H4 zinauzwa pia, ukizipata nunua, mimi siku hiyo nilizunguka maduka sita.

Kutoka hiyo plagi, waya wa pamoja uende mguu wa 86 wa rilei zote mbili. Waya wa dimu uende 85 ya rilei ya dimu, wa fuli uende 85 ya rilei ya fuli. Basi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba haujali kama gari inakata chanya ama hasi, koili ya rilei (ule waya uliozungushwa ndani yake) inataka tu tofauti ya umeme kati ya 85 na 86, nani yuko upande gani si shida yake. Isipokuwa rilei yenye dayodi ndani, ambayo utaona imechorwa kamshale ubavuni. Hiyo ina upande, 86 lazima iwe chanya, ukiigeuza inapiga shoti. Kwa gari ya kukata chanya na rilei ya dayodi, badilishana 85 na 86.

Unatumia soketi moja tu ya zamani, ile iliyo karibu na rilei. Ile nyingine ifunge na tepu, ifunike na mpira, ifunge kamba isining'inie.

Viungo bana kwa koleo la kubania, si kwa meno wala playa ya kung'oa misumari, halafu vuta kwa nguvu. Ikichomoka mkononi ingechomoka Limuru. Funika na kimrija, pasha na kiberiti. Pitisha waya ndani ya mpira wa mikunjo, mbali na feni na kitu chochote kinachosonga.

Rudisha hasi ya betri. Fyuzi weka mwisho. Washa dimu, utasikia tik ndogo. Fuli, tik nyingine. Ukisikia tik na taa haiwaki, tafuta upande wa 30 na 87 ama athi. Usiposikia tik, shida iko kwa 85 na 86.

Kataa ka bluu

Hii hawakuambii. Kwa baadhi ya hizi Toyota za kukata hasi kale kataa ka bluu ka fuli kwa dashibodi hupata umeme wake kupitia uzi wa dimu ambao umelala wakati huo. Zamani hapo palikuwa na uzi wa balbu, umeme ulipita bila shida. Sasa umeweka koili ya rilei ambayo inabana umeme sana, so bluu inafifia ama inazima, na kwangu ilileta kichaa kingine: nikitoka dimu kwenda fuli, rilei ya dimu ilikataa kuachia. Umeme mdogo wa kale kataa ulikuwa unatosha kuishikilia. Balbu zikawa zinawaka nyuzi zote mbili, nikafurahia mwanga siku mbili nikidhani nimebarikiwa, mpaka nikaguswa na joto la kioo.

Dawa ni kubadilisha kale kabalbu ka dashibodi uweke ka LED ka volti 12. Kanavuta umeme kidogo sana, koili inaachia, bluu inawaka vizuri. Kasipowaka kageuze, LED ina upande wa kuingia. Ilinichukua dakika ishirini, na kumi na tano zilikuwa za kutoa dashibodi.

Lenga taa, tafadhali

Sasa una mwanga, na kama taa zilikuwa zimeelekea mbinguni hakuna aliyekuwa anajali, lakini leo watajali. Tafuta ukuta na mahali tambarare, simamisha gari mita 5 kutoka ukuta, tairi zina upepo sawa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa kimo hicho, halafu alama nyingine sentimita 5 chini yake. Washa dimu, kaza ama legeza skrubu mpaka ule ukingo wa mwanga ukae kwa alama ya chini. Funika taa moja ukilenga nyingine.

Pikapu ina shida yake, ukipakia nyuma pua inapanda. Mimi nililenga gari ikiwa na magunia ya viazi nyuma kama vile hutembea usiku, maana usiku sitembei tupu. Kama wewe hubeba mara moja kwa mwezi, lenga ikiwa tupu na ukipakia ushushe.

Mwisho pima tena vile ulivyopima mwanzo. Yangu ilisoma 13.6 kwa balbu, betri ikiwa 13.9. Halafu acha taa za fuli ziwake nusu saa injini ikinguruma, zima, na uguse kila kitu na mgongo wa mkono: nyumba za fyuzi, soketi za rilei, viungo. Uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya utoe mkono haraka, kiungo hicho kimebanwa vibaya, kikate ukirudie leo leo kabla ya kupakia kabichi.